Tabia na Makao katika Bonde la Kilombero

Tangu mvua za mwaka zinapoanza hata mpunga unapovunwa, muda wa miezi mitano au sita, mtu anayebisha hodi katika nyumba nyingi za vijiji vilivyoizunguka Ifakara aghalabu hujibiwa na kufuli. Wenyewe hawakuhama wala hawakufikwa na msiba. Wako shambani, katika uwanda wa mto, chini ya paa dogo la nyasi lililoezekwa juu ya nguzo, na hawatarudi mpaka gunia la mwisho limeshonwa mdomo. Mwalimu huona darasa limepungua, mganga huona siku za kliniki zimepita bila ya mama kuleta mtoto, na karani wa kodi wa zama za ukoloni aliona daftari lake halijai. Na kila mmoja wa watatu hawa, kwa wakati wake, alikuwa tayari kusema kwamba watu wa bonde hili ndivyo walivyo, wazito wa shule, wazito wa dawa, wazito wa amri. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mambo yaliyoitwa tabia katika Kilombero ilikuwa kazi ya makao: mahali mtu alipolala, mkubwa aliyemwamuru, aliyemhesabia saa zake, na aliyeyapa maradhi yake jina. Makao yalipobadilika watu nao walibadilika, mara nyingi pasipo kuhubiriwa na mtu yeyote.

Bonde lenyewe limelala baina ya milima ya Udzungwa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge kusini-mashariki. Mto Kilombero, ambao katika vitabu vya kale huitwa pia Ulanga, hupokea vijito vya pande zote mbili, kisha hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Masika yakikolea mto huzipita kingo zake na uwanda hugeuka maji na nyasi hata upeo wa macho. Maji yakipwa huacha tope linalostawisha mpunga kuliko ardhi nyingine nyingi za Tanzania. Wandamba, wenyeji wa kale wa mto, waliyafuata maji hayo kwa mtumbwi na pondo, wakavua, wakawinda viboko na kuwakimbia viboko, wakapanda mpunga palepale mto uliporuhusu.

Na mpunga hauruhusu mwenyewe awe mbali. Punje zikianza kutia maziwa huja kweleakwelea kwa makundi yasiyohesabika, na usiku huja nguruwe na viboko. Kwa hiyo hujengwa dungu, yaani jukwaa la miti linalopita kimo cha mtu, lenye ngazi ya magogo, sakafu ya fito na matete, na moto wa kuni mbichi chini yake ili moshi upande na kuwasumbua mbu kabla mbu hawajawasumbua watu. Kutoka hapo juu hutandazwa kamba zenye makopo matupu hata mipaka ya shamba; mtoto akivuta kamba moja kona nzima hupiga kelele, na ndege wakiwa wakaidi hutumia teo na donge la udongo. Kuamia ndege ni kazi ya alfajiri hata magharibi, haina sikukuu, na mtoto akisinzia kwa saa moja jamaa nzima hula kidogo mwaka ule. Mtoto yuleyule ambaye mjini huitwa mtundu asiyetulia kitini, huku juu hukaa kutwa akiwa mlinzi mwenye dhamana, na sijasikia mzazi hata mmoja akilalamika kwamba mwanawe wa dunguni hana makini. Wanaopima makini ya watoto kwa daftari la mahudhurio ya shule wangefanya insafu kupanda ngazi ile angalau mara moja.

Katika miaka ya 1860 waliingia bondeni watu walioitwa Wambunga. Walitoka kusini, walikogombana na Wangoni, wakaja na mbinu za vita walizojifunza kwa haohao Wangoni: vikosi vya vijana, mkuki wa kuchoma kwa karibu, na nidhamu ya kutokimbia. Wakalitwaa eneo la Ifakara. Jambo la kuzingatia ni kwamba jina la Wambunga halikuwa la damu moja. Kikosi kiliwameza mateka na wenyeji, kikawafunda, na walipotoka humo walikuwa Wambunga kwa usemi, kwa mwendo na kwa namna ya kushika silaha. Wazungu waliokuja baadaye waliandika kwamba Wambunga ni kabila la kivita na Wandamba ni watu wapole wa mtoni, kana kwamba ushujaa na upole huzaliwa pamoja na mtoto, ilhali wajukuu wa babu mmoja wa Kindamba waliweza kuwa wapole ama wakali kwa kutegemea kama babu yao alitiwa kikosini au aliponea visiwani.

Vita vya Majimaji vilitoa ithibati nyingine. Mnamo tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge mchana kweupe, wakaenda mbele ya bunduki za rashasha kwa imani ya maji waliyonyunyiziwa, wakafa wengi mno. Wakulima wale wale mwaka mmoja kabla yake walikuwa wakilipa kodi na kushika njia. Upande wa pili wa bonde, mtema Kiwanga, mkuu wa Wabena, alisimama pamoja na Wajerumani, na watu wake wakasimama naye. Udongo na mvua havitoshi kueleza tofauti baina ya makundi haya. Tofauti ilikuwa katika baraza walizosikiliza, kwani moja lilisikiliza wajumbe wa maji na jingine lilisikiliza mtema aliyekwisha pima hesabu zake na boma. Vita vilipozimwa Wajerumani walichoma ghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Waingereza walipotawala, na hasa baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 iliyoletwa na Gavana Donald Cameron, utawala ulitafuta katika kila pembe mtu wa kuzungumza naye, na palipokuwa na mtema mwenye baraza mazungumzo yalikuwa mepesi. Mwaka 1935 ofisa wa wilaya A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walichapisha Ubena of the Rivers, kitabu juu ya Wabena wa bondeni, ambamo mtema Towegale Kiwanga aliandika sura yake mwenyewe, jambo lililokuwa adimu zama hizo. Ni kitabu cha thamani. Hata hivyo aliyeketi barazani huona nchi kwa macho ya baraza, na wavuvi waliotawanyika katika matete, wasio na mkubwa mmoja wa kuwasemea, walibaki katika taarifa nyingi wakiwa watu wasioshikika. Neno uvivu lilikuwa jepesi katika kalamu za maofisa wa Tanganyika kila mahali. Hapa liliwaangukia watu ambao nusu ya mwaka wao walilala macho.

Tuje sasa katika nyumba iliyoipa Ifakara jina duniani, nayo ni hospitali. Wabenediktini wa Kijerumani walikwisha weka misheni Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya kwanza nafasi yao ilitwaliwa na Wakapuchini wa Uswisi, waliofika 1921 pamoja na Masista wa Baldegg. Kwa masista hao uuguzi ulianza kwa vidonda, macho na uzazi, na baadaye ukakua ukawa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo tangu miaka ya 1940 ilikuwa chini ya daktari Karl Schöpf kwa zaidi ya miongo mitatu. Hospitali si dawa tu. Ni benchi ambalo mtu hufundishwa kungoja zamu bila ya kujali umri wala ukoo, ni kadi inayosema jina lako kabla hujalisema, ni kengele ya kuwatoa jamaa wodini, ni uwanja wa nyuma ambapo mama, shangazi na wifi za mgonjwa huwasha mafiga na kupika uji kwa kuwa mgonjwa asiyepikiwa na nduguye ni mgonjwa aliyetupwa. Ule uwanja wa mafiga haukubuniwa Uswisi. Bonde liliufunda uongozi wa hospitali kwamba huku mtu haugui peke yake.

Mwaka 1949 alifika Ifakara mtaalamu wa wanyama, Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Uswisi ya Maradhi ya Nchi za Joto iliyoanzishwa Basel mwaka 1943. Alivutwa na viumbe ambao mwenyeji yeyote angefurahi kumgawia bure: mbung'o, mbu, na papasi wanaojificha katika sakafu za udongo na kuleta homa ya vipindi. Mwaka 1957 akaanzisha maabara ndogo karibu na misheni. Na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, likafunguliwa kando yake jengo la kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini kwa fedha za msingi uliowekwa na kampuni za Basel. Maabara hiyo ilikuja kuwa mikononi mwa Watanzania, ikawa kituo huru mwaka 1996, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Fikiri maana yake kwa mtu wa kawaida. Tanganyika ya wakoloni ilijaa hadithi za mumiani, watu waliosemwa kwamba huvizia usiku na kunyonya damu za wenzao ili zikatengenezwe dawa; na katika nchi hiyohiyo ukatokea mji ambamo mgeni mwenye koti jeupe hupiga hodi mchana, huomba kidole cha mtoto, hukichoma, hukamua tone juu ya kioo, na mama humpa kidole hicho kisha hurudi kusonga ugali. Hofu haikuondolewa kwa hotuba. Iliondolewa na mazoea: kwamba mchomaji ni kijana wa mtaa wa pili, kwamba mwaka jana alikuja akaondoka na hakufa mtu, na kwamba aliyekutwa na vijidudu alipewa vidonge palepale. Tangu mwishoni mwa 1996 wadadisi walianza kupita kila nyumba katika vijiji kadhaa vya bonde kila baada ya miezi minne wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, na katika nyumba hizo wamekua watoto wanaoona kuhojiwa kuwa sehemu ya majira kama palizi na mavuno. Wapo hata vijana wanaojipatia ujira kwa kuketi usiku, suruali zimekunjwa hata magotini, tochi mkono mmoja na mrija mkono wa pili, wakimngoja mbu atue wamvute mrijani kabla hajauma. Babu zao waliwasha moshi ili mbu aondoke; wao hulipwa ili aje.

Isidhaniwe kwamba hospitali ilishinda kila hoja. Kwa muda mrefu mtoto aliyetetemeka na kukakamaa kwa homa hakuhesabiwa kuwa mgonjwa wa malaria. Alikuwa na degedege, na degedege lilikuwa na waganga wake na mafusho yake, na wengi waliamini kwamba sindano katika hali ile ingemuua. Watafiti waliokaa Ifakara katika miaka ya 1990 walikuta fikra nyingine iliyo nyepesi kueleweka ukiitazama vizuri: mtu aliyekunywa dawa asipone husema kwamba mchawi ameyaficha malaria yasionekane katika darubini, au ameigiza malaria yasiyokuwapo. Padri aliita jambo hilo ushirikina na daktari aliliita ujinga. Lakini ni nani aliyemfundisha mwananchi kwamba ugonjwa hauna budi kuonekana katika darubini? Ni hospitali yenyewe. Mchawi wa Ifakara alilazimika kujifunza kazi za maabara, kwa kuwa watu aliokuwa akiwatisha walikwisha jifunza.

Mlimani Mahenge, katika nchi ya Wapogoro inayolitazama bonde kutoka juu, kisa cha kifafa chapasa kusimuliwa kwa kituo. Daktari mmoja mwanamke wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alipofika huko mwaka 1959 alikuta watu wengi kuliko kiasi cha kawaida wakipatwa na maradhi hayo, na akakuta namna walivyoishi. Mwenye kifafa alitengewa chombo chake na mara nyingi kibanda chake. Hakula sinia moja na wenzake, hakuoa wala kuolewa kwa wepesi, na akiangukia motoni wengi waliogopa kumgusa wakati anapotokwa na povu, kwa kuwa iliaminiwa kwamba maradhi huambukiza kwa mate na pumzi. Kwa hiyo walikuwapo vijana wenye makovu makubwa ya moto, waliovaa matambara, wanyamavu, wasiomtazama mtu usoni. Na mgeni asiyejua angekata shauri kwamba ububu na uchafu ni alama za ugonjwa wenyewe. Daktari akaanzisha kliniki Kwiro na kuwapa vidonge vya fenobabitoni, vya bei nafuu, vya kumezwa kila siku. Kuanguka kulipungua au kukakoma, na jamaa walipoona hivyo baadhi ya wagonjwa walirudishwa siniani, wakalima, wakasema. Kidonge hakina uwezo wa kumfundisha mtu kusema. Kilichomnyamazisha kijana yule kilikuwa sinia lake la peke yake. Wataalamu wa siku hizi wanauhusisha wingi wa kifafa cha Mahenge na usubi, maradhi yaletwayo na inzi wadogo wa mito yenye maji ya kasi, basi hata hesabu ya wanaougua ilikuwa katika mahali walipoishi, si katika ukoo uliolaaniwa kama ilivyodhaniwa.

Baada ya Uhuru serikali nayo ilitaka kuwapanga watu. Kiwanda cha sukari karibu na Kidatu, cha kampuni iliyoundwa mwaka 1960, kilikwisha leta kingora na kambi za wakata miwa kutoka pande nyingi za nchi, na kingora kikawafundisha saa watu ambao mpaka hapo walifundishwa na jua. Mwaka 1970 Wachina walianza kujenga reli ya TAZARA, nayo ikakabidhiwa Julai 1976, ikipita kandokando ya bonde kwa Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Miaka hiyohiyo Mwalimu Nyerere alikwisha tangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikawakusanya watu wa mtoni kando ya barabara na reli. Faida zilikuwapo: shule, zahanati, soko, na treni ya kuwapeleka na ndizi na mchele wao, ambayo kwa mwendo wake mfupi watu waliiita Kipisi. Lakini mpunga haukusikia amri. Ulibaki uwandani, mwendo wa saa nyingi, na jamaa ambazo zamani ziliishi ukingoni mwa shamba zao sasa zilikuwa na nyumba mbili, moja ya serikali na moja ya mpunga. Lile kufuli nililolitaja mwanzo halikuletwa na desturi za kale za Wandamba, kama wasemavyo wengine. Kwa sehemu kubwa lililetwa na mipango ya miaka ya 1970.

Na yule aliyeitwa mzito wa dawa? Mwaka 1997 watu wa taasisi ya Ifakara walianza kuuza bondeni vyandarua vilivyotiwa dawa, kwa jina la Zuia Mbu, wakivipitisha katika maduka ya kijijini kwa bei iliyopunguzwa, na mama wajawazito na wenye watoto wachanga wakapewa hati za kupunguziwa zaidi. Hawakuanza kwa kuwatoa watu ujingani, maana walikwisha gundua kwamba wengi walipenda chandarua tangu zamani kwa sababu ya usingizi tu, ila hakikupatikana karibu au hakikununulika. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo uwezekano wa kuishi uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 27. Na watafiti waliowafuata wakulima uwandani miaka michache baadaye walikuta vyandarua vimetundikwa madunguni, juu ya sakafu ya fito, mahali ambapo hapajafika mhubiri wa afya yeyote. Kwa mfano wa hati zile za bondeni taifa zima likaanza Hati Punguzo mwaka 2004.

Ningependa kusema kwamba somo hilo, kwamba tabia hufuata makao, lilishika. Lakini tangu miaka ya 1980 walikwisha anza kuingia bondeni wafugaji wa Kisukuma na wengineo na ng'ombe wao, na wakaongezeka sana baada ya 2006, serikali ilipowaondoa wafugaji katika Ihefu na bonde la Usangu ili kuokoa maji ya Ruaha. Kilombero, ambayo mwaka 2002 iliorodheshwa miongoni mwa ardhi oevu zenye kulindwa na Mkataba wa Ramsar, na ambayo wakati huo ilikuwa nyumba kubwa kuliko zote duniani ya swala aitwaye sheshe, ilikanyagwa kweli, na ugomvi wa wakulima na wafugaji ulikuwa wa kweli pia. Mwishoni mwa 2012 ikaja Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, na ng'ombe kwa maelfu wakatolewa. Katika mikutano na magazeti ya siku zile ilisemwa tena na tena kwamba hawa ni watu wa kuhamahama, ndiyo hulka yao, hawawezi kutulia mahali. Walionena hivyo walisahau habari za Usangu, ambako ni amri ya serikali, si hulka, iliyowahamisha.